Sudoku Ngumu Haifunguliwi kwa Kubahatisha



Miongoni mwa mambo yaliyoingia majumbani mwetu katika miaka hii, kwa njia ya magazeti na simu za mkononi, ni fumbo la namba liitwalo sudoku. Utamwona kijana ameinamia karatasi, kalamu i mkononi, na mbele yake mraba uliogawanywa vyumba vidogo vidogo, baadhi vina namba na vingi ni vitupu. Huanza kwa furaha, na akifika katikati hukwama. Ndipo huchagua namba moja kwa kukisia, akaendelea nayo, na baada ya kujaza vyumba kumi akakuta safu moja ina 4 mbili. Hapo hufuta mpaka karatasi ikatoboka, au huitupa na kusema, "Fumbo hili haliwezekani," ama husema, "Mimi sina kichwa cha hesabu."

Maneno hayo yote mawili si kweli. Fumbo lililotungwa sawasawa huwezekana daima, na kulifungua hakuhitaji hesabu, hata ya kujumlisha. Lihitajiwalo ni jambo moja tu, nalo ni kutoiandika namba mpaka iwe na hoja. Kijana yule hakukosa akili, bali alikosa njia. Nasi tumekusudia katika makala haya kumwonyesha njia hiyo, hasa katika yale mafumbo magumu ambayo watu wengi hudhani hayafunguki ila kwa bahati.

SHERIA NA MAJINA

Yatupasa kwanza tukubaliane juu ya majina, maana asiyejua majina ya vitu hawezi kuvifikiri sawasawa. Mraba wote una vyumba 81. Vyumba hivyo vimepangwa katika safu 9 zilizolala, nasi tutazihesabu kutoka juu, na nguzo 9 zilizosimama, nasi tutazihesabu kutoka kushoto. Kadhalika mraba umegawanywa kwa mistari minene kuwa nyumba 9, na kila nyumba ina vyumba 9, vitatu kwa vitatu. Sheria ni moja: kila safu, kila nguzo na kila nyumba iwe na namba 1 mpaka 9, na kila namba iwemo mara moja tu.

Kwa hiyo kila chumba kina majirani 20: 8 katika safu yake, 8 katika nguzo yake, na 4 waliobaki katika nyumba yake. Namba ikikaa chumbani, majirani wote 20 wameharamishiwa namba hiyo. Msomaji ashike neno hili la majirani, kwani ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

ASILI YAKE KWA UFUPI

Jina sudoku ni la Kijapani, walakini fumbo lenyewe halikuzaliwa Japani. Katika karne ya 18 mtaalamu wa hesabu Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alichunguza miraba ambayo kila alama huonekana mara moja tu katika kila safu na kila nguzo. Lakini miraba yake haikuwa na nyumba za ndani. Fumbo kwa sura yake ya leo lilichapishwa Marekani mwaka 1979 katika jarida la mafumbo la Dell, na mtungaji wake ni Howard Garns, mchora ramani za majengo. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani ililichukua, na Maki Kaji akalipa jina ambalo kwa ufupi lina maana ya kuwa kila namba lazima ikae pweke, kama kapera asiye na mwenzi. Wayne Gould wa New Zealand, aliyekuwa hakimu Hong Kong, alilikuta Tokyo mwaka 1997, akaunda programu ya kompyuta ya kuyatunga, na Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapisha. Tangu hapo likaenea duniani.

Yafaa hapa tuondoe shaka moja. Baadhi ya wazee wetu wakiona mraba wenye namba huukumbuka ule mraba wa hirizi, ambao namba zake zikijumlishwa kwa kulala, kwa kusimama na kwa pembe hutoa jumla moja. Miraba ya namna hiyo ni ya kale mno, na hata Ikhwan as-Safa wa Basra walitaja habari zake katika Rasaili zao katika karne ya 10. Sudoku si hiyo. Ndani yake hapana jumla, hapana siri wala tabana. Mtu angeweza kuondoa namba tisa akaweka herufi tisa za Kiarabu mahali pake, na fumbo lisibadilike hata kidogo.

MLANGO WA KWANZA: WAGOMBEA

Mwenye kufungua fumbo jepesi hutazama tu akaona. Mwenye kufungua fumbo gumu hawezi kutegemea macho, lazima aandike. Katika kila chumba kitupu aandike kwa kalamu ya risasi, kwa herufi ndogo, namba zote ambazo bado hazijazuiwa na majirani. Namba hizo tutaziita wagombea, kama watu wengi wanaotaka kupanga chumba kimoja. Na kila anapoandika namba ya hakika, afute mgombea huyo kwa majirani wote 20. Watu wengi hukwama kwa sababu ya uvivu wa kufuta, wala si kwa sababu ya ugumu wa fumbo.

Wagombea wakiisha kuandikwa, mambo mawili hutazamwa. La kwanza ni chumba kilichobakiwa na mgombea mmoja. Hicho ni chake. La pili ni namba iliyobakiwa na chumba kimoja katika safu, nguzo au nyumba, hata kama chumba hicho kina wagombea wengine watatu au wanne. Namba hiyo haina pa kwenda ila pale. Hili la pili ndilo wanaoanza hulisahau, kwa kuwa wao huuliza, "Chumba hiki kitaingia nani?" wala hawaulizi, "Namba hii itaingia wapi?" Maswali hayo mawili yanalingana kwa uzito, na mafumbo magumu huficha jibu lake mara nyingi katika swali la pili.

MLANGO WA PILI: JOZI

Tuseme safu ya 4 imekwisha kupata 1, 2, 6, 8 na 9. Zimebaki 3, 4, 5 na 7, na vyumba vinne vitupu. Chumba cha nguzo ya 2 kina wagombea 4 na 7. Cha nguzo ya 5 nacho kina 4 na 7. Cha nguzo ya 6 kina 3, 4 na 7. Cha nguzo ya 9 kina 3, 4 na 5. Hapana chumba chenye mgombea mmoja, na mwenye haraka atasema amekwama.

Lakini tazama vyumba viwili vya kwanza. Hatujui kipi kina 4 na kipi kina 7. Walakini twajua kwa yakini kwamba namba hizo mbili zimekwisha kugawana vyumba hivyo viwili, na hapana chumba kingine cha safu hiyo kitakachozipata. Basi zifute kwingineko. Nguzo ya 6 yabakiwa na 3 peke yake, kwa hiyo ni 3. Nguzo ya 9 yaondolewa 4, kisha 3, ikabaki 5. Tumepata namba mbili za hakika kutokana na namba mbili ambazo bado hatujui mahali pake. Yapo mambo ambayo mtu hayajui yote, na sehemu ile aijuayo humtosha kwa hukumu.

Kuna na jozi iliyojificha. Ikiwa katika nyumba moja 1 na 9 hazina nafasi ila katika vyumba viwili vilevile, basi vyumba hivyo ni vyao, hata kama kila kimoja kina wagombea watano. Futa wengine wote humo. Na kanuni hii huenda mpaka watatu kwa vyumba vitatu, na wanne kwa vyumba vinne.

MLANGO WA TATU: NYUMBA INAPOELEKEZA KIDOLE

Chukua nyumba ya pembe ya juu kushoto. Tuseme namba 5 humo haina nafasi ila katika chumba cha nguzo ya 1 na cha nguzo ya 3, vyote viwili katika safu ya 2. Popote itakapokaa kati ya viwili hivyo, itakuwa safu ya 2. Kwa hiyo hapana 5 nyingine katika safu ya 2 nje ya nyumba hiyo. Ifute kuanzia nguzo ya 4 hata ya 9. Na kinyume chake ni sahihi pia: ikiwa katika safu nzima 5 haina nafasi ila ndani ya nyumba moja, basi ifute katika vyumba vingine vya nyumba hiyo.

MLANGO WA NNE: MSTATILI

Hapa ndipo penye mlango wa mafumbo yanayoitwa magumu. Tuchague namba moja tu, tuseme 6, na tusahau nyingine zote. Katika safu ya 2, 6 haina nafasi ila nguzo ya 3 na nguzo ya 8. Katika safu ya 7, nayo haina nafasi ila nguzo zilezile, ya 3 na ya 8. Vyumba hivyo vinne vimefanya mstatili.

Sasa fikiri. Ikiwa 6 ya safu ya 2 imekaa nguzo ya 3, basi ile ya safu ya 7 haiwezi kukaa nguzo ya 3. Lazima iende nguzo ya 8. Na ikiwa ya safu ya 2 imekaa nguzo ya 8, ya safu ya 7 itakwenda nguzo ya 3. Katika hali zote mbili kila nguzo kati ya hizo mbili imekwisha kupata 6 yake kutoka katika safu ya 2 au ya 7. Basi futa 6 katika vyumba vingine vyote vya nguzo ya 3 na ya 8. Pengine utafuta wagombea wanne au watano kwa mara moja, na fumbo lililokuwa limefungwa likafunguka.

Njia hii hukua. Ikiwa safu tatu, tuseme ya 1, ya 5 na ya 9, zina nafasi za 6 katika nguzo tatu tu, ya 2, ya 4 na ya 7, basi 6 tatu zimegawana nguzo tatu, na vyumba vingine vya nguzo hizo havina haki ya 6. Si lazima kila safu iwe na nafasi zote tatu. Mbili zatosha, madamu hazitoki nje ya nguzo hizo. Wazungu wameipa njia hii jina la yule samaki mwenye mdomo kama upanga. Jina linatisha, lakini maana yake ni ileile ya jozi: vitu vitatu katika nafasi tatu, hapana pa mgeni.

MLANGO WA TANO: CHUMBA CHENYE MBAWA MBILI

Tazama chumba cha safu ya 5 nguzo ya 5, kina wagombea 2 na 7. Jirani yake katika safu hiyo, nguzo ya 1, ana 2 na 9. Jirani yake katika nguzo ya 5, safu ya 2, ana 7 na 9. Chumba cha kati kina mbawa mbili.

Kikiwa 2, ubawa wa safu hupoteza 2 ukawa 9. Kikiwa 7, ubawa wa nguzo hupoteza 7 ukawa 9. Hapana hali ya tatu. Kwa hiyo mmojawapo wa mbawa lazima awe 9, ingawa hatujui ni upi. Sasa kitafute chumba ambacho ni jirani wa mbawa zote mbili: ni cha safu ya 2 nguzo ya 1. Hicho hakiwezi kuwa 9 kamwe. Ifute.

KUKADIRIA SI KUBAHATISHA

Msomaji mwerevu atauliza, "Je, huku kusema 'kikiwa 2, kikiwa 7' si kubahatisha?" Hapana, na tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya.

Mwenye kubahatisha hushika njia moja kati ya mbili, akaifuata, na akiona haijavunjika huiamini. Kutovunjika mpaka hapo si dalili ya ukweli. Huenda itavunjika mbele. Mwenye kukadiria huzifuata njia zote mbili mpaka mwisho wa hoja, kisha huandika lile tu ambalo limethibitika. Tuseme chumba kina 1 na 6. Akadirie kuwa ni 1, afuate matokeo katika karatasi nyingine. Kisha akadirie kuwa ni 6, afuate vilevile. Njia zote mbili zikikubaliana kwamba chumba fulani cha mbali ni 4, basi ni 4 bila shaka, japokuwa bado hajui njia ipi ni ya kweli. Na njia moja ikiishia katika upinzani, kama safu moja kupata 8 mbili, basi njia hiyo imebatilika na ya pili ndiyo haki. Hoja hii ya kubatilisha ni ya kale, na wataalamu wa hesabu wameitumia tangu zama za Wayunani.

Mashine hufanya namna nyingine. Kompyuta ikipewa fumbo hujaribu namba, ikavunjika, ikarudi, ikajaribu nyingine, mara maelfu kwa nukta moja, nayo haichoki wala haioni haya. Mwanadamu hakupewa kasi hiyo. Amepewa uwezo wa kusema "kwa sababu". Kijana anayebahatisha anashindana na mashine katika jambo ambalo mashine itamshinda siku zote.

HOJA INAYOTEGEMEA UAMINIFU

Ipo njia moja tunayoitaja kwa tahadhari. Tuseme safu ya 1 na ya 2, katika nguzo ya 3 na ya 5, vyumba vitatu kati ya vinne vina wagombea 3 na 8 tu, na cha nne kina 3, 8 na 5. Kama hicho cha nne kingekuwa 3 au 8, vyumba vyote vinne vingeweza kubadilishana 3 na 8 bila kuvunja sheria yoyote, na fumbo lingekuwa na majibu mawili. Kwa kuwa fumbo halali lina jibu moja, chumba cha nne ni 5.

Hoja ni nzuri, lakini tazama imesimama juu ya nini. Milango mingine yote imesimama juu ya sheria zenyewe; huu umesimama juu ya uaminifu wa mtungaji. Akiwa mtungaji hakuhakikisha kwamba jibu ni moja, hoja yaanguka. Kwa sababu hiyo twaona mlango huu uwe wa mwisho, na utumiwe katika mafumbo ya mtungaji anayejulikana kwa uangalifu.

Na uangalifu huo si jambo dogo. Mwaka 2005 Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walihesabu kwamba miraba iliyojazwa sawasawa ni 6,670,903,752,021,072,936,960. Na mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin, katika nchi ya Ireland, walithibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja halipungui namba 17 za kuanzia. Zikiwa 16, majibu hayawezi kuwa moja. Lakini wachache wa namba si kipimo cha ugumu. Yapo mafumbo ya namba 17 yanayofunguka kwa mlango wa kwanza peke yake, na yapo yenye namba nyingi zaidi yanayodai milango yote tuliyoitaja.

KWA WAZEE NA WALIMU

Fumbo hili halina kamari ndani yake, wala halihitaji fedha. Karatasi na kalamu ya risasi vyatosha. Hatari yake ni ile ya kila mchezo, kula saa za kazi, za masomo na za sala. Basi liwekewe wakti wake, na wakti ukiisha karatasi ikunjwe, hata kama kimebaki chumba kimoja. Fumbo lina sifa njema kwamba halikimbii.

Kwa watoto wadogo chora mraba wa vyumba 16, safu nne na nguzo nne, wenye nyumba nne za vyumba viwili kwa viwili, na namba 1 mpaka 4. Miraba yake iliyojazwa ni 288 tu, na mtoto aliyekwisha kujua kuhesabu ataiweza.

Kwa wakubwa twashauri desturi moja. Wakae wawili, ndugu kwa ndugu au baba na mwanawe, na asiruhusiwe yeyote kuandika namba mpaka amwambie mwenzake hoja yake, na mwenzake aikubali. Akisema, "Naona tu ni 7," namba isiandikwe. Akisema, "Ni 7 kwa sababu nyumba hii haina nafasi nyingine ya 7," iandikwe. Na mkubwa naye afungwe na sharti hilo, amtolee mdogo hoja yake. Zile simu zenye kitufe cha kuonyesha jibu, kitufe hicho kisiguswe, maana humpa mtoto namba kikamnyima sababu.

Tumeona katika kufundisha kwetu kwamba mwanafunzi mwenye mazoea ya kukisia jibu la somo huwa ndiye wa kwanza kukubali uvumi sokoni na kuupeleka nyumbani. Na yule aliyezoea kuulizwa "kwa nini?" hujiuliza mwenyewe kabla ya kusema. Mraba wa vyumba 81 ni mahali padogo, na kosa lake hufutwa kwa mpira. Basi ni afadhali kijana ajifunze humo, kungali rahisi kufuta, kupambanua lile analolijua na lile analolidhani.

Wabillahi tawfiq.